Mwongozo Kamili: Kurekodi Mahame ya Kale Bila Kuchimba Hata Shimo Moja

Taarifa nyingi za magofu zinazotoka vijijini huku pwani zina kasoro zilezile. Unaletewa picha za kuta zilizomezwa na majani, hazina kipimo, hazina mahali, na ya mwisho ni ya viganja viwili vimejaa vigae, yaani vipande vya vyungu na mabakuli, vilivyookotwa "hapo hapo". Nia ni njema kabisa. Lakini kwa picha hizo huwezi kujua ukuta ni wa msikiti au wa zizi la mbuzi, na vile vigae vimekwisha kupoteza kitu chenye thamani kuliko vyote: mahali vilipokuwa vimelala.

Ukiwa na simu, daftari na siku mbili tatu, unaweza kufanya kazi ya maana kwenye mahame ya mji wa Waswahili wa kale, tuseme ya kati ya karne ya 11 na ya 17, yaliyotapakaa kuanzia visiwa vya Lamu mpaka Kilwa na kuendelea kusini. Nitatolea mifano Gede (karibu na Malindi, Kenya), Shanga (visiwa vya Lamu) na Songo Mnara (karibu na Kilwa, Tanzania) kwa kuwa yamechunguzwa vya kutosha. Historia ya miji hiyo utaisoma kwingine. Hapa ni kazi tu.

Neno moja la sheria kwanza. Kuchimba bila kibali ni kosa kote. Kenya iko Sheria ya Makumbusho na Urithi wa Taifa ya 2006. Tanzania Bara iko Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, ambayo inalinda majengo na vitu vya kabla ya 1863. Zanzibar ina sheria yake. Kama mahame tayari yametangazwa kuwa eneo la hifadhi, anzia ofisini kwao. Kama hayajatangazwa, kila hatua iliyomo humu ni ya kuangalia, kupima na kuandika. Hakuna ya kufukua.

## Vifaa

- Daftari lenye jalada gumu na penseli. Wino wa kalamu husambaa jasho au umande ukiigusa karatasi.
- Karatasi za miraba.
- Futi kamba ya mita 30, na nyingine fupi ya mita 5. Zikipatikana mbili ndefu, bora zaidi.
- Kamba ya nailoni na vigingi vya mianzi.
- Dira. Ya kwenye simu inafaa, ila isawazishe kwanza na usiishike karibu na panga.
- Simu yenye GPS na kamera, na pawabenki.
- Fimbo ya mita 1 uliyoipaka rangi nyeupe na nyekundu kwa kupokezana kila sentimita 20. Hii ndiyo kipimo cha picha za kuta.
- Rula ya sentimita 15 kwa picha za vitu vidogo.
- Viatu vilivyofunika mguu, shati la mikono mirefu, maji ya kunywa, na mwenzako. Usiende peke yako.

Jembe, sululu na mashine ya kutafutia madini viache nyumbani. Brashi ya waya nayo usiibebe. Inakwangua lipu iliyodumu miaka 600.

Wakati mzuri ni kiangazi cha kaskazi, Januari na Februari, nyasi zikiwa zimelala. Baada ya masika hutaona kitu, na upupu utakutoa mbio.

## Hatua ya 1: Ruhusa, na jina la mahali

Tanzania Bara pita kwa mwenyekiti na mtendaji wa kijiji. Zanzibar kwa sheha. Kenya kwa chifu na mzee wa mtaa. Kisha mwenye shamba, kama lipo shamba. Eleza waziwazi kuwa hutafuti mali. Hadithi za dhahabu zilizofukiwa zimeshabomoa makaburi mengi, na mgeni anayepimapima ardhi huwaamsha wenye tamaa.

Halafu kaa na wazee. Waulize: hapa panaitwaje? Kisima kiko wapi? Mawe ya kujengea mlikuwa mkichukua upande gani? Swali hili la mwisho linaumiza kidogo lakini jibu lake ni dhahabu, kwa maana linakuonyesha nyumba ambazo hazipo tena.

Uliza pia miiko. Magofu mengi si magofu kwa wenyeji. Ni mahali pa dua. Takwa, mahame ya kisiwani Manda karibu na Lamu, watu wa Shela bado huenda kuomba mvua. Ukikuta vitambaa, udi au chupa ya maji ya waridi juu ya kaburi, usiviguse wala usivisogeze ili picha ipendeze.

Utajua umefaulu: una jina la mahali, una mwenyeji wa kukuongoza, na unajua usipotakiwa kukanyaga.

## Hatua ya 2: Utafute msikiti, kisha jipange kwa msikiti

Wengi huanza na ukuta mrefu kuliko yote. Wewe anza na msikiti. Una umbo linalotambulika hata ukibaki msingi tu, na utakupa uelekeo wa mji mzima.

Msikiti huelekea Makka, na kutoka pwani yetu Makka iko karibu kaskazini kamili. Gede iko longitudo ya 40 mashariki, Makka nayo inakaribia hapohapo. Kwa hiyo tafuta jengo la mstatili ambalo ukuta wake wa kaskazini una kiduara kilichotokeza nje katikati. Hiyo ndiyo mihrabu, mahali anaposimama imamu. Simama ndani, tazama mihrabu, soma dira, andika nyuzi. Usiandike "kaskazini" tu. Andika namba, kwa sababu mafundi wa zamani hawakuwa wote na usahihi mmoja, na tofauti ya nyuzi kadhaa ni habari.

Nje ya msikiti tafuta kisima na birika la kutawadhia. Kisima ndicho hatari kubwa kuliko zote mahali hapa. Vingi havina ukingo tena na mdomo wake umefunikwa na majani makavu. Tembea na fimbo mbele yako, na ukikiona, zungushia kamba kabla ya kufanya jambo lingine lolote.

Makaburi ya Waislamu huku kwetu hulala mashariki na magharibi ili maiti aelekee kibla. Jengo dogo lisilo na mlango, lenye kuta fupi za mapambo na pengine nguzo imesimama upande mmoja, ni kaburi. Usipande juu yake.

Sasa chukua GPS ya mihrabu, kisima na kaburi la mbali kuliko yote. Chini ya miti simu inaweza kukosea kwa mita 10 au zaidi, kwa hiyo iache itulie dakika chache, kisha nakili namba zote kwa mkono. Angalia sana alama ya kutoa kwenye latitudo, maana sisi tuko kusini ya ikweta. Gede iko kwenye -3.31, 40.02. Ondoa ile alama ya kutoa, na Gede itahamia zaidi ya kilomita 700 kaskazini, kule karibu na mpaka wa Ethiopia upande wa Moyale. Kosa hili ndilo linaloharibu taarifa nyingi kuliko yote.

Utajua umefaulu: una pointi tatu, na ukiziweka kwenye ramani ya simu zinaangukia mahali uliposimama.

## Hatua ya 3: Tembea kwa mistari, uzitafute nyumba za udongo

Mawe ndiyo yanayoonekana, kwa hiyo watu hurekodi mawe. Hapo mji unageuka kuwa mji wa matajiri peke yao. Wakazi wengi wa miji hii waliishi katika nyumba za miti na udongo uliokandikwa. Shanga, kwenye kisiwa cha Pate, mwanaakiolojia Mark Horton alichimba miaka ya 1980 chini ya msikiti wa Ijumaa akakuta misikiti mingine imelaliana, ya chini kabisa ikiwa ya miti, ya karne ya 8. Songo Mnara, watafiti walipopima sehemu zilizoonekana tupu kati ya majumba ya mawe walikuta alama za nyumba za udongo. Palipo patupu si patupu.

Funga kamba kutoka mashariki hadi magharibi, kisha nyingine mita 5 kusini yake, na kuendelea. Tembea taratibu katikati ya kamba mbili, macho chini. Unachotafuta ni hiki:

- Mabonge ya udongo mwekundu uliochomeka, yenye alama za fito upande mmoja. Huo ni ukuta wa nyumba iliyoungua.
- Tuta la chini, la mstatili, ambalo asubuhi au jioni linatupa kivuli.
- Udongo mweusi wenye majivu na makombe mengi ya chaza na kome: jalala la mji.
- Mavi ya chuma (makapi yanayobaki chuma kikiyeyushwa), mazito kuliko yanavyoonekana. Hapo palikuwa na mhunzi.
- Vigae vilivyochongwa duara na kutobolewa katikati. Vilitumika kusokotea uzi wa pamba.

Mibuyu iliyosongamana nayo ni dalili nzuri ya makazi ya zamani, ila peke yake haitoshi.

Kila alama igawie namba, iandike kwenye mstari wake, na endelea. Usisimame kupiga picha kila dakika. Utapoteza mstari na utapoteza hesabu. Picha zina hatua yake.

Utajua umefaulu: kwenye karatasi yako kuna alama hata pale pasipo na ukuta, na unaweza kuonyesha mji ulikomea wapi kwa sababu mistari ya mwisho haina kitu.

## Hatua ya 4: Pima nyumba moja, vizuri

Usijaribu kupima zote. Nyumba moja iliyopimwa sawasawa ina faida kuliko kumi za kukisia. Chagua ambayo kuta zake zinaonekana walau hadi magotini.

Vuta kamba moja ndefu katikati ya nyumba, kutoka kigingi hadi kigingi. Huo ndio mstari mkuu. Kutoka kwenye mstari huo pima kwa skwea hadi kila kona, kila mlango, kila kidaka (kishubaka cha ukutani). Skwea unaipata kwa njia ya mafundi wote: mita 3 upande huu, mita 4 upande ule, na mshazari ukitoka mita 5, kona imenyooka. Chora kwa kipimo cha sentimita 1 kwa kila mita 1. Ukimaliza chumba, pima mishazari yake miwili kwenye ardhi na kwenye mchoro. Isipolingana, rudia kabla hujahama.

Upana wa chumba usiuruke. Vyumba vya nyumba hizi ni virefu na vyembamba kwa sababu dari ilibebwa na boriti za mikoko, na boriti haiwezi kuvuka zaidi ya mita 3 hivi ikabeba sakafu ya mawe na chokaa. Ukipata chumba kipana zaidi ya hapo, kitazame upya: pengine ni ua, pengine kulikuwa na nguzo katikati, na pengine hujaona ukuta uliolala chini ya kifusi.

Sasa soma ukuta wenyewe. Hapa ndipo kazi inapokuwa tamu, na ndipo watu wanapopaharakishia. Tafuta mshono: mstari wa wima ambapo mawe ya ukuta mmoja hayakuingiliana na ya ukuta wa pili, bali yameegemeana tu. Ukuta ulioegemea ndio uliokuja baadaye. Ukiona lipu inaendelea kupita nyuma ya mshono, umepata uthibitisho. Ukuta wa kwanza ulikuwa umeshapakwa lipu, ukawa uso wa nje au wa chumba, kabla mwenye nyumba hajaongeza chumba kingine. Tafuta pia mlango uliozibwa. Mawe ya kuzibia huwa madogo na hayana mpangilio wa ukuta wa pembeni. Kwa mishono na milango iliyozibwa unaweza kueleza nyumba ilivyokua, pengine ilivyogawanywa kwa warithi, bila kugusa jiwe hata moja.

Andika aina ya mawe. Miimo ya milango na mihrabu huchongwa kwa matumbawe laini yaliyokatwa baharini yakiwa mabichi, maana yakikauka hugoma kuchongeka. Kuta za kawaida ni mawe magumu ya pwani kavu yaliyoshikizwa kwa chokaa. Ukikuta ukuta mzima wa matumbawe yaliyokatwa kwa miraba na kulazwa kwenye udongo badala ya chokaa, uandike kwa herufi kubwa, kwa kuwa mara nyingi huo ni wa zamani kuliko majirani zake.

Tahadhari: ukuta unaoshikwa na mizizi ya mtini usiuegemee wala usikate mzizi. Mara nyingi mti ndio uliofungua ukuta, na sasa ndio unaouzuia usianguke. Mzizi ukifa na kuoza, ukuta unashuka.

Utajua umefaulu: mtu asiyefika pale anaweza kuchukua mchoro wako akakwambia chumba kipi kiliongezwa mwisho.

## Hatua ya 5: Picha zenye kusema kitu

Kila mahali piga tatu: ya mbali, ya kati, ya karibu. Fimbo ya rangi iwe imesimama wima kwenye ukuta, si kulala wala kushikwa na mtu. Simama mkabala na ukuta, si kwa pembe. Kabla ya kila picha andika daftarini: namba ya picha, namba ya mahali, unaelekea wapi.

Saa moja na nusu asubuhi na saa kumi na moja jioni ndizo saa zako. Jua la mchana linafuta mapambo yote. Kwa maandishi na nakshi, mwanga uje kutoka ubavuni. Tochi ya simu ya mwenzako, ikishikwa karibu na ukuta, inatosha. Usipake chaki, usimwagie maji, usisugue kwa penseli. Gede kuna kaburi lenye mwaka wa 802 Hijria umechorwa kwenye lipu, nao ndio unaotupa tarehe ya uhakika, 1399. Tarehe hiyo imeshikiliwa na tabaka la chokaa lisilozidi unene wa kidole. Ukikuta mwaka wa Hijria na unataka kuukadiria haraka, zidisha kwa 0.97 kisha jumlisha 622.

Utajua umefaulu: ukifungua picha yoyote baada ya mwezi unaweza kusema ni ukuta gani na una urefu gani.

## Hatua ya 6: Vigae, bila kuvibeba

Mwanaakiolojia James Kirkman alipoanza kuchimba Gede mwaka 1948, nyumba nyingi zilipewa majina ya vitu vilivyopatikana ndani yake: Nyumba ya Mkasi, Nyumba ya Taa ya Chuma, Nyumba ya Kasha la Pembe. Fikiria mkasi ule kama mpita njia angeuokota akautia mfukoni. Ungebaki kipande cha chuma chenye kutu, na nyumba isingekuwa na jina.

Kwa hiyo fanya hivi. Weka vigingi vya mraba wa mita 5 kwa 5 mahali penye vigae vingi. Vihesabu vyote vinavyoonekana juu ya ardhi, kwa mafungu mawili: vyungu vya kienyeji, na vyombo vya kutoka ng'ambo. Vya ng'ambo vitakuwa vichache sana. Usidanganyike ukapiga picha vinavyong'aa tu. Mdomo wa chungu cheusi cha kupikia una habari nyingi kuliko kipande cha tumbo la bakuli la kigeni. Piga picha midomo na mapambo, rula ikiwa pembeni: uso wa nje, wa ndani, na pale kilipovunjikia. Kisha kirudishe ulipokitoa, upande uleule juu.

Haya yatakusaidia kukadiria:

Vyungu vya kienyeji vyenye pembetatu zilizochorwa shingoni ni vya karne ya 7 hadi 10. Ukivipata, una makazi ya zamani sana.

Mng'aro (tabaka kama la kioo juu ya chombo) mzito wa samawati na kijani juu ya udongo wa krimu, kutoka Ghuba ya Uajemi: karne ya 8 hadi 10.

Mistari iliyokwaruzwa chini ya mng'aro wa manjano, kijani au kahawia: karne ya 11 hadi 13 hivi.

Manjano yenye mistari myeusi, kutoka Yemeni: karne ya 14, pengine kabla yake kidogo.

Kijani laini cha majani machanga, kizito mkononi, udongo wa ndani mweupe wa kijivu: seladoni ya China, hasa karne ya 14 na 15.

Nyeupe yenye maua ya buluu, kutoka China: huku kwetu hasa kuanzia karne ya 15.

Maua makubwa ya rangi nyingi yaliyopakwa kwa brashi: ya viwanda vya Ulaya, karne ya 19. Ukiona haya peke yake, pengine si mahame ya zamani hivyo.

Usitoe umri wa mji kwa kigae kimoja. Bakuli zuri lilirithiwa, na mabakuli ya China yalipachikwa kwenye makaburi kwa pambo. Isitoshe, vilivyo juu ya ardhi kwa kawaida vinaeleza siku za mwisho za mji. Mwanzo wake uko chini, na huko si kwetu.

Utajua umefaulu: una jedwali la hesabu na picha, na mifuko yako ni mitupu.

## Hatua ya 7: Hali na hatari

Hii ni fupi. Tembea mara moja tu ukiandika kinachokula mahame: mawimbi, mizizi, mifugo, tanuri la chokaa, mashimo ya watafuta mali, bikoni za viwanja vipya. Andika na tarehe. Kilwa Kisiwani na Songo Mnara viliwekwa kwenye orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini mwaka 2004 na kuondolewa 2014, na katika yaliyopigiwa kelele ni bahari kula ufuo. Bikoni ndizo za kuharakisha kuliko zote. Ukiziona, usingoje umalize mchoro; piga simu ofisini siku hiyohiyo.

## Hatua ya 8: Taarifa ya ukurasa mmoja

Andika kwa mpangilio huu: jina la mahali na kijiji, GPS tatu, kinachoonekana, kwa namba (misikiti mingapi, nyumba ngapi, visima, makaburi), hesabu ya vigae, hatari, jina la mwenyeji wa kuwasiliana naye, kwa ridhaa yake. Ambatisha mchoro na picha zisizozidi 15. Picha nyingine zihifadhi, waambie zipo.

Usiandike "ngome ya Wareno" au "soko la watumwa" kwa kuwa umeambiwa hivyo njiani. Andika: "wenyeji wanasema ni...". Kwa namna hiyo maneno ya wazee yanahifadhiwa na vipimo vyako havichafuki.

Kenya peleka Makumbusho ya Taifa ya Kenya. Tanzania Bara kwa Mambo ya Kale, chini ya Wizara ya Maliasili na Utalii. Zanzibar kwa ofisi ya makumbusho na mambo ya kale. Nakala moja iachie ofisi ya kijiji, ya karatasi. GPS usiiweke mtandaoni hata siku moja, na zima utambulisho wa mahali kwenye picha kabla hujazituma kwenye makundi ya simu. Wachimbaji wa usiku nao wanasoma.

Usipojibiwa, peleka tena baada ya masika, pamoja na picha mpya za kuta zilezile, ukiwa umesimama palepale na fimbo ileile. Picha mbili za ukuta mmoja, moja kabla ya mvua na moja baada yake, ndizo zinazomfanya ofisa aombe gari.